Singeli si uhuni

Ndugu Mhariri,

Nakodisha spika hapa Manzese tangu enzi za mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia singeli hii ya kasi, wakati kinanda kidogo cha Casio na ngoma mbili tatu vilitosha kuukesha mtaa mzima.

Mwezi uliopita tulizimiwa singeli saa nne usiku, kwenye shughuli yenye kibali. Aliyekuja kuzima alituita wahuni mbele ya mama wa bibi harusi. Yule mama alilia. Iliniuma mno.

Huo wanaouita uhuni nimeuona unavyotengenezwa. Mpwa wangu ana chumba kimoja, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia sauti, kompyuta yake imefutika herufi. Anachukua kipande cha taarabu cha sekunde mbili, anakikata, anakizungusha, anakikimbiza hadi midundo 200 na zaidi kwa dakika. Anaweka kigoma juu yake, haridhiki, anafuta, anaanza upya. Mpaka adhana ya alfajiri.

Mwaka 2017 kazi za vijana wa Sisso, studio ya Mburahati, zilitolewa kwenye albamu na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Baadaye Ulaya ikawaita kupiga kwenye matamasha ya muziki wa elektroniki. Sisi majirani zao tunawafukuza!

Sisemi watu wasilale. Wagonjwa wapo, watoto wana shule. Naomba manispaa itutengee viwanja vya kupigia, mbali kidogo na nyumba, kwa ada tunayoimudu. Spika nitaleta mimi.

Mwenye muziki,
Manzese, Dar es Salaam