Kwa Mwanajuma, kuhusu watoro

Buruburu, Nairobi

Mpendwa dada Mwanajuma,

Salamu nyingi, na mama umfikishie zake. Barua yako niliipata, na swali lako limenikaa kichwani: mtumwa akitoroka amebadilisha nini, ikiwa bwana amebaki na shamba lake na watumwa wengine wote? Wewe waona amejiokoa nafsi yake tu. Mimi sikubali.

Shuleni tulifundishwa kwamba utumwa huku kwetu ulikomeshwa kwa sheria ya 1907. Sheria ile iliwalipa fidia mabwana. Waliolima hawakupewa hata kipande cha ardhi. Ilhali tangu miaka ya 1880 watoro wa pwani walikuwa wamejijengea makao yao Fuladoyo, huko bara kwa Wagiriama, wakilima chakula chao wenyewe. Hawakungoja mtu awatangaze kuwa watu. Kwangu falsafa yote imo humo. Tukiamini kwamba uhuru ni wa kupewa, aliyeutoa atatudai shukrani maisha, na hata 1963 tutaisoma hivyo hivyo. Neil Roberts, mwananadharia wa siasa, katika kitabu chake cha 2015, anautafuta uhuru ndani ya mwendo wenyewe wa kutoroka, na naona amelenga.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Watoro wa Jamaica walipigana na Waingereza hadi wakapata mkataba mwaka 1739, na humo wakakubali kuwarudisha watoro wapya kwa mabwana zao. Baada ya vita vyote vile! Hapo nakuunga mkono: kutoroka hakutoshi kama anayekuja nyuma hana wa kumpokea.

Hapa plotini kuna binti amerudi kutoka Ghuba. Mwajiri alimnyang'anya pasipoti, mshahara akawa haoni, ndipo usiku mmoja akatoka na nguo mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Majirani wanamsema eti alivunja mkataba. Mkataba gani huo? Mama mmoja anayeuza mandazi ndiye aliyempa pa kulala, na sasa alfajiri wanakanda unga pamoja. Huyo mama ameelewa kuliko sisi wasomi.

Nina ombi. Bibi yako Kilifi bado ana kumbukumbu nzuri. Muulize kama wazee wake waliwahi kuitaja Fuladoyo: nani alifika, nani alimpokea, walikula nini mwaka wa kwanza. Andika kama anavyosema, usifupishe, kisha uniletee nami nisome.

Wako,
Wanjiru