Usikimbilie kununua kamera, huenda picha imeharibikia njiani

Juzi alikuja mama mmoja dukani na simu yake mkononi, anataka picha ya baba yake tuichape A3, iwekwe fremu ya ukutani. Tulipoifungua kwenye kompyuta, uso wa mzee ulikuwa chenga tupu. "Basi simu zetu hizi mbovu," akasema, "ngoja nijichange ninunue kamera." Tukamuuliza picha kaitoa wapi. Kumbe alipiga mdogo wake, akaiweka status, naye mama akaichukua kwa skrinishoti.

Tukamwomba ampigie huyo mdogo wake aitume upya WhatsApp, safari hii kama dokumenti. Ilipoingia, hata darizi za kofia ya mzee zilionekana, uzi kwa uzi.

Iko hivi: ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa hadi upande mrefu unabaki na nukta (pikseli, vidoa vidogo vinavyounda picha) kama 1,600. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Lakini sisi huchapa nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo hizo zinatosha inchi 5 na kidogo, yaani picha ya albamu. A4 inataka nukta 3,500 hivi. Simu ya megapikseli 12, yaani nukta milioni 12, hutoa 4,000 kwa 3,000, kwa hiyo A4 inaingia vizuri, na hata A3 ya kutazamwa ukiwa kwenye kochi haitakuaibisha.

Kwa picha za nyumbani, za safari, za mtoto anamaliza chekechea mchana kweupe, simu inatosha. (Na tunasema haya huku tuna kamera za kukodisha kabatini.)

Ukumbini usiku ni habari nyingine. Kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye kamera kubwa ya fremu kamili (full frame) ni milimita 36 kwa 24. Cha simu nyingi hakifiki hata 10 kwa upana. Ni kama kukinga mvua kwa beseni na kwa kikombe. Mwanga ukiwa hafifu, simu huungaunga picha kadhaa kupata moja. Keki imetulia, itatoka safi. Bibi harusi anayecheza, mkono wake utatoka kama moshi.

Zumu nayo inawaponza wengi. Ukivuta kwa vidole kupita uwezo wa lenzi, hujasogea popote. Unakata kipande cha katikati na kukikuza. Mwanao anaimba kwaya na wewe umekaa safu ya nyuma? Siku hiyo kodi kamera yenye lenzi ndefu, usinunue.

Ukija kuchapa, njoo na simu iliyopiga picha yenyewe, au itume kama dokumenti. Kuikagua ni bure, na ikiwa ndogo tutakwambia mapema inafaa ukubwa gani. Na kabla hujapiga, futa lenzi kwa pindo la kanga. Simu nyingi tunazoletewa kwamba "kamera imefifia" huwa zina mafuta ya vidole tu.