Barua kwa msomi mwenzangu anayeingia chemba London

London, Septemba

Msomi mwenzangu,

Salaam nyingi, na hongera kwa moyo wote. Kura ya chemba imepita, jina lako litaandikwa kwenye ubao wa mlangoni, na tangazo la kukukaribisha liko tayari: wakili mpya wa sheria za umma na za kimataifa. Umeniuliza maneno hayo yana maana gani kwa kazi ya kila siku, na ufanye nini kabla ya muhula wa Oktoba. Nitajibu yote mawili. Usishangae nikikaa zaidi kwenye tarehe za mwisho kuliko kwenye mambo ya The Hague, iliko Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hapa kesi nzuri nyingi hufa kwa siku kupita, wala si kwa udhaifu wa hoja.

Kwanza, chemba si kampuni ya mawakili. Dar es Salaam wewe ndiye unayempokea mteja, unayeandika hati, unayefungua kesi na unayesimama mbele ya jaji. Hapa kazi imegawanywa: solisita humpokea mteja na kuendesha shauri, barista huandika hoja na kuzisimamia mahakamani. Wanachama wa chemba hawagawani faida. Kila mmoja anajitegemea, ila wanachangia jengo, makarani na mitambo. Ndiyo maana mwanachama huitwa mpangaji. Unalipa asilimia ya fedha zinazoingia, mara nyingi na kodi ya chumba juu yake. Hakuna mshahara, hakuna likizo ya kulipwa. Soma katiba ya chemba kabla ya kusaini, hasa vifungu vya kuondoka: muda wa notisi, na kama utaendelea kukatwa asilimia kwenye ankara za zamani zitakazolipwa baada ya wewe kutoka.

Kwa kuwa kila mtu anajitegemea, wapangaji wawili wa chemba moja wanaweza kusimama pande mbili za kesi moja. Mmoja anamtetea mwomba hifadhi, mwingine Wizara ya Mambo ya Ndani, na mafaili yao hayakutani. Mahakama za Uingereza zimelizoea jambo hili, lakini wageni hawalielewi, na katika usuluhishi wa kimataifa limeshaleta madhara. Mwaka 2008, katika shauri la kampuni ya umeme ya Kroatia dhidi ya Slovenia chini ya ICSID, kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, jopo lilimzuia wakili wa Slovenia kuendelea kwa sababu alitoka chemba moja na mwenyekiti wa jopo, na upande wa Slovenia ulikuwa umetangaza kuwa naye siku chache tu kabla ya kusikilizwa. Kwa hiyo siku unapopewa shauri la usuluhishi, angalia kwanza majina ya wasuluhishi. Kama kuna mtu wa chemba yako, toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo.

Sasa makarani. Neno hili litakupotosha, maana kwetu karani ni yule anayepiga mhuri na kutafuta faili. Karani wa chemba ndiye anayekutafutia kazi, anayepanga shajara yako na anayejadiliana ada. Usitaje bei kwa solisita hata akikubana kwenye simu. Mwambie karani atampigia. Na karani lazima ajue kila kitu: safari, mtoto kuumwa, hukumu unayoisubiri, siku usizoweza kufika mahakamani. Wakili anayemficha karani wake mambo hujikuta amepangiwa mashauri mawili saa nne asubuhi.

Fedha zitakushtua mwanzoni. Utafanya kazi Oktoba na huenda ukalipwa miezi mingi baadaye, hasa kazi ya msaada wa kisheria. Weka akiba ya kuishi miezi sita. Kila malipo yakiingia, tenga angalau theluthi kwenye akaunti nyingine ya kodi ya mapato, na ukivuka pauni 90,000 kwa miezi kumi na miwili utatakiwa kujisajili kwa VAT. Kinachowaangusha wengi ni Januari ya kwanza ya kodi kubwa: tarehe 31 unalipa kodi yote ya mwaka uliopita pamoja na nusu ya makadirio ya mwaka unaofuata, na nusu nyingine tarehe 31 Julai. Kabla ya kupokea kazi hata moja, hakikisha cheti cha kufanya kazi kimetoka Bar Standards Board, chombo kinachosimamia mabarista, na bima ya Bar Mutual imeanza. Kiwango cha chini ni pauni 500,000 kwa dai. Kwa mashauri makubwa ya kimataifa omba zaidi.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Ndugu na jamaa kutoka nyumbani walioko Uingereza watakupigia mara watakapoona tangazo. Visa, nyumba, mtoto aliyekamatwa. Bila mafunzo ya kupokea wateja wa moja kwa moja huwezi kuwahudumia bila solisita katikati. Na hata ukiyapata mafunzo hayo, hairuhusiwi kabisa kushika fedha za mteja. Ile akaunti ya wateja uliyoizoea Dar, barista hana. Mtu akikutumia pauni mia mbili "uanze nazo", mrudishie na umwelekeze kwa karani.

Kuna pia kanuni ya foleni ya teksi: solisita akikuletea kazi iliyo ndani ya uwezo wako, kwa ada inayofaa na una nafasi, huwezi kuikataa eti mteja humpendi au serikali huipendi. Kanuni hiyo haigusi kazi za nje, zile zinazofanyika mbele ya mahakama za nchi nyingine au za kimataifa. Mimi naiona kuwa kanuni bora kuliko zote za taaluma hii. Ndiyo inayomwezesha mtu anayechukiwa na umma kupata wakili, bila wakili huyo kuhesabiwa mshirika wake.

Sheria za umma maana yake ni mapitio ya mahakama, yaani kuiomba mahakama ikague uhalali wa uamuzi wa serikali, nayo ndiyo kazi itakayokulisha. Mahakama ya Utawala iko Royal Courts of Justice, Strand, na ina vituo Birmingham, Bristol, Cardiff, Leeds na Manchester. Tanzania umezoea miezi sita ya kuomba kibali. Sahau. Hapa ni "upesi, na kwa vyovyote si zaidi ya miezi mitatu" tangu sababu za shauri zilipotokea. Mipango miji ni wiki sita, zabuni za umma ni siku 30. Zingatia neno "upesi": unaweza kufungua ndani ya miezi mitatu na bado ukaambiwa umechelewa. Siku huhesabiwa tangu uamuzi ulipofanyika, wala si tangu mteja alipopata wakili. Pande mbili haziwezi kukubaliana kuongeza muda, mahakama pekee ndiyo inayoweza. Na barua ya awali, ambayo kazi yake inakaribiana na ile notisi ya siku 90 unayoipelekea serikali kabla ya kesi ya madai, kwa kawaida humpa mjibu maombi siku 14 lakini haisimamishi saa. Solisita akikupigia wiki ya kumi na moja, msianze kubishana kama barua inatosha. Andikeni barua ya muda mfupi na rasimu ya shauri kwa pamoja.

Shauri hufunguliwa kwa fomu N461. Maelezo ya ukweli na hoja yasizidi kurasa 40, na hapo ndipo mawakili wa kwetu hupata shida, kwa kuwa tumefundishwa kumwaga kila hoja isije ikasemwa tumeiacha. Jaji wa kibali anasoma mafaili mengi kwa siku. Hoja tatu zenye nguvu humshika, kumi na moja humchosha na huficha ile moja iliyokuwa nzuri. Baada ya kufunguliwa, wasilisha kwa mjibu maombi ndani ya siku 7. Yeye ana siku 21 kuleta hati ya kukiri kupokea na hoja zake za muhtasari. Jaji akikataa kibali kwa kusoma karatasi, una siku 7 kuomba usikilizwe kwa mdomo. Lakini akiandika kwamba shauri halina msingi hata kidogo, mlango huo umefungwa na kinachobaki ni Mahakama ya Rufaa, nayo ndani ya siku 7. Ukipata kibali, muhtasari wako wa hoja, kurasa 25, unatakiwa siku 21 kabla ya kusikilizwa, wa mjibu siku 14.

Mtego mwingine ni kifungu cha 31 cha Senior Courts Act 1981, kilivyorekebishwa 2015. Mahakama hukataa nafuu ikiona kuna uwezekano mkubwa kwamba matokeo kwa mwombaji yasingebadilika sana hata kama kosa lisingefanyika. Kosa la utaratibu peke yake halitoshi tena. Tafuta ushahidi wa nini kingetokea kama mteja angesikilizwa: angesema nini, angeleta hati gani.

Na uaminifu kwa mahakama. Mwombaji na serikali wote wana wajibu wa kuweka wazi hata yale yanayowaumiza. Ukiomba amri ya haraka kwa fomu N463, eleza lini ulijua na kwa nini hukuja mapema. Mahakama ina utaratibu wa kuwaita mawakili wanaotumia vibaya maombi ya dharura wajieleze, na Juni 2025 iliutumia utaratibu huohuo kwa waliowasilisha rejea za kesi ambazo hazipo. Kila kesi unayoitaja, ifungue mwenyewe na usome aya unayoitegemea.

Nije kwenye sheria za kimataifa. Ukweli ni kwamba kwa miaka yako ya mwanzo nyingi zake zitakujia ndani ya mahakama za kawaida za London. Chukua kesi ya Rwanda. Tarehe 15 Novemba 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu waliafikiana kwamba mpango wa serikali ya Uingereza wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ulikuwa kinyume cha sheria, kwa hatari ya watu kurudishwa walikotoka. Mkataba wa Wakimbizi na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu vilitajwa, lakini kilichoamua ni ushahidi, hasa wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kuhusu jinsi maombi yalivyoshughulikiwa Kigali. Au wazee wa Mau Mau waliodai kuteswa na serikali ya kikoloni Kenya: ilikuwa kesi ya kawaida ya kudai fidia kwa madhara. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta, 2012 ikakubali iendelee ingawa muda wa madai ulikuwa umepita, na Juni 2013 serikali ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mkataba ambao Bunge halijaufanya sheria hauwezi kutegemewa mahakamani kama haki inayojitegemea, kwa hiyo kazi yako ni kutafuta mlango: sheria ya Bunge, sheria ya mila ya kimataifa, au dai la kawaida.

Kosa linalorudiwa sana ni kushtaki nchi ya kigeni na kupeleka hati ubalozini. Hapana. State Immunity Act 1978 inataka hati zipitie Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi wizara ya mambo ya nje ya nchi husika, na muda wa kujibu huanza miezi miwili baada ya kupokelewa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi dhidi ya Libya, ilithibitisha kwamba njia hiyo ni ya lazima. Na Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, muda wa kufungua shauri sasa ni miezi minne, si sita, tangu Februari 2022. Wewe uliyezoea miezi miwili ya Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha hutapata tabu hapo.

The Hague haina orodha ya mawakili. Nchi humteua imtakaye. Utaanzia nyuma ya wakubwa: tanbihi, ramani, nyaraka za kumbukumbu, viambatanisho visivyozidi kurasa 750. Soma hukumu ya Somalia dhidi ya Kenya ya 12 Oktoba 2021 ukiangalia ushahidi tu. Kenya ilidai mpaka wa baharini ulishakubaliwa kwa Somalia kukaa kimya muda mrefu, ikategemea matangazo ya marais ya 1979 na 2005, na mahakama haikuona ukimya huo kuwa ulikuwa wazi na wa kudumu vya kutosha. Kazi ya kukusanya ukimya wa miaka arobaini ndiyo kazi ya wakili mdogo. Siku utakapopewa dakika ishirini za kusema, hotuba huandikwa neno kwa neno na wakalimani hupewa mapema. Ukikimbia, nusu ya majaji wanakupoteza kwenye Kifaransa.

Kuhusu tangazo lenyewe: rasimu uliyoituma ina mambo mengi mno. Solisita anataka kujua ni kazi gani anaweza kukupa kesho. Weka mashauri uliyosimama wewe, ukionyesha lini ulikuwa peke yako na lini chini ya mkubwa. Mahakama ya Afrika na Mahakama ya Afrika Mashariki ziwe juu kabisa. London si wengi wanaozijua kwa ndani. Kiswahili kiandike kama lugha ya kuzungumza na mashahidi na kusoma nyaraka, usijiite mfasiri, kwani tafsiri ya mahakamani hufanywa na mtu mwingine na kuthibitishwa. Ondoa "mtaalamu wa haki za binadamu". Acha kesi zenyewe ziseme.

Ukitimiza miaka miwili ya kazi, omba kuingia kundi C la mawakili wa Mwanasheria Mkuu, orodha ya mawakili wadogo wanaoiwakilisha serikali. Lipo la mashauri ya madai na lipo la sheria za kimataifa. Waamuzi huko husoma mifano ya kazi, basi anza sasa kutunza nakala za hoja zako ukiwa umefuta majina.

Nitumie rasimu mpya kabla ya Ijumaa, pamoja na katiba ya chemba ukiwa umepigia mstari vifungu usivyovielewa. Joho lako la Dar lilete, ila wigi na kola za hapa usinunue mpya. Wapo wanaostaafu ambao huuza zao, na nitakuulizia.

Wasalaam,
Rafiki yako