Malengelenge yamerudi, nikubali kukatwa tena?

Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, naishi Kayole na nauza chapati madondo karibu na steji.

Miaka mitatu iliyopita ngozi ya muundi wangu wa kushoto ilianza kukakamaa. Ilianza kama alama nyeusi yenye uzambarau, kisha katikati ikapauka na kung'aa kama nta, ukiifinya haifinyiki. Daktari wa ngozi alikata kipande kikapimwa, akasema ni sklerodama ya sehemu moja, wengine huiita mofea. Haiambukizi, na si ile inayoingia mapafu na figo. Akanipa krimu ya steroidi, nikatulia.

Aprili mwaka huu, juu ya baka lile lile, yakatoka malengelenge. Makubwa, yamejaa maji, moja lilikuwa na damu. Nilidhani nimerukiwa na mafuta ya karai. Wa duka la dawa akasema ni mkanda wa jeshi, nikameza vidonge wiki nzima bure. Yalikauka yenyewe, na sasa yamerudi. Navaa soksi ndefu kwenye joto la jiko ili wateja wasione. Mama mkwe ameacha kunywa chai yangu, shangazi, na hilo linaniuma kuliko mguu.

Daktari anasema ni nadra lakini hutokea: ngozi ikikakamaa, majimaji ya mwili hukosa njia, na hata kugongwa kidogo huweza kuiachanisha. Lakini hataki kubahatisha, kwa kuwa kuna magonjwa mengine ya malengelenge yanayofanana. Anataka kukata kipande kingine, safari hii ukingoni mwa lengelenge bichi. Akihakikisha ni mofea, ataniandikia methotreksati, dawa ya mara moja kwa wiki. Ila nikiitumia nisishike mimba kabisa, na tumetafuta mtoto wa pili miaka miwili sasa.

Mume wangu hataki. Kidonda cha kwanza kilichukua karibu miezi miwili kupona, naye ndiye aliyekuwa akinifunga bendeji kila jioni. Anasema tuzae kwanza, mguu utangoja. Mimi naona baka linapanda kuelekea gotini, na nikikunja mguu navutwa.

Je, nikubali kukatwa hata kama hajaridhika? Na habari ya mtoto nimwambieje mama mkwe, ambaye tayari anadhani mkono wangu una ugonjwa?