Risala ya kikundi cha akina mama wa Tongoni, Tanga, kwa Mgeni Rasmi, kilele cha Wiki ya Unyonyeshaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, muuguzi wetu, masheikh, wachungaji na wazazi wenzetu: Asalaam aleykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Karibu Tongoni. Tumefurahi kuwa nawe leo, 7 Agosti.

Mgeni Rasmi, kunyonyesha tumekushika. Ziwa peke yake miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala uji, kisha kuliendeleza hadi miaka 2 na zaidi, hilo limeingia katika nyumba zetu nyingi. Shida inaanza mwezi wa 7. Hapo ndipo mtoto aliyekuwa amenawiri anapoanza kubaki nyuma kwenye kadi ya kliniki. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa nchi hii walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na wetu wamo humo.

Kinachotuuma ni kwamba samaki wanashuka dikoni mbele ya macho yetu, lakini mtoto wa mvuvi anashinda na uji mweupe wa sembe, mwepesi kwa sababu lazima upite kwenye chupa. Siku ya kwanza ya mafunzo yetu ya kulisha watoto, muuguzi alichota uji wa mwenzetu mmoja, akakiinamisha kijiko. Ukamwagika wote. Akatuuliza: tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo, mkilijaza maji chakula kitakaa wapi? Aliyeinama kwa uchungu ni bibi wa mtoto, kwa kuwa mama akienda sokoni yeye ndiye mpishi. Tangu siku ile mwiko tumewakabidhi mabibi, na hakuna aliyeubadilisha mtaa huu kuwashinda wao.

Sasa uji unapikwa mzito, unatulia kijikoni, na unatiwa unga wa dagaa na tui kidogo. Mchana ni viazi lishe au muhogo wa kuponda na matembele, halafu papai. Yai nalo limerudi, ingawa wapo walioaminishwa kuwa mtoto akila yai atachelewa kusema. Karanga tunazichambua moja moja. Yenye ukungu au iliyosinyaa tunaitupa, kwa kuhofia sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu.

Akina baba hawakukaa pembeni. Baadhi ya manahodha, kabla mnada haujaanza, wanatenga dagaa wachache pembeni na kuwaita "fungu la mtoto". Mwenyezi Mungu awazidishie.

Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Dagaa tunawaanika chini, wanaingia mchanga, na masika wanaoza kabla hawajakauka. Tunaomba chanja za kukaushia zenye paa. Pili, tunaomba mizani ya kupimia watoto hapa mtaani, kwani wapo akina mama wanaokosa nauli ya kwenda kliniki.

La chanja ndilo la haraka. Wiki unga wa dagaa unapokwisha, uji unarudi kuwa mweupe.

Tunaomba kuwasilisha.