Naomba Unichoree Kijiji

Vienna, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba shemeji amekwisha kunisamehe kwa ukimya wangu tangu mwezi wa Ramadhani. Mimi sijambo, isipokuwa kiuno, ambacho kinalipiza kisasi cha zamu za usiku, na baridi, ambayo ukiisimulia unaonekana mwongo. Salamu za Mzee Kombo zimenifikia. Mwambie koti alilolicheka pale stendi ndilo lililoniokoa. Sasa niruhusu niziache desturi nikueleze shida yangu, kwa maana katika watu wote ninaowafahamu ni wewe peke yako, kwa kazi yako ya upimaji, unayeweza kunitoa.

Ghorofa ya juu yangu anaishi mama wa makamo ya bibi zetu, Mchecheni, mtu wa Chechnya, jamhuri ya milimani kusini mwa Urusi, ambaye wajukuu wake humwita Baba. Usicheke. Kwa Kichecheni baba ni bibi, na dada ni baba mzazi, kwa hiyo unaweza kufikiria nilivyohangaika wiki ya kwanza nilipoambiwa kwamba dada yake Baba alikuwa na masharubu. Mimi humwita Bibi Baba, naye ameliridhia jina hilo.

Tulifahamiana kwa kelele. Usiku aliofiwa na mumewe dari yangu ilianza kutikisika kwa vishindo vya miguu vilivyopangika, na makofi, na sauti za wanaume zikipokezana La ilaha illa Llah, polepole kwanza, kisha zikikaza mwendo. Jirani wa chini alikwisha kushika simu awaite polisi. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba na soksi moja mguuni, kwa sababu nilidhani niko Bagamoyo, uani, usiku wa maulidi. Ilikuwa Kadiria, Salim, tarika yetu ileile ya Kisufi ya Sheikh Ramiya, ila wao huizungusha halka, duara la zikri, kwa kukimbia. Nilipanda kutoa pole, wakaniuliza Mwafrika ameijuaje zikri yao, na tangu siku hiyo sijakosa sahani ya unga wa mahindi uliochemshwa, ambao, kwa taarifa yako, ni wa mahindi lakini si ugali. Tarika hiyo iliingizwa kwao katikati ya karne ya 19 na Kunta-Haji Kishiev wa kijiji cha Iliskhan-Yurt, aliyewahimiza watu waache vita visivyokwisha dhidi ya Warusi, na Warusi wakamkamata vilevile, Januari 1864, wakampeleka kaskazini katika mji wa Ustyuzhna, akafia huko mwaka 1867. Mtu anahubiri amani naye anafungwa. Lakini hilo si nililokaa kukuandikia.

Nililokaa kukuandikia ni kijiji. Bibi Baba anataka ramani ya kijiji cha wazazi wake aitundike ukutani, ili wajukuu wakiulizwa wao ni wa wapi wawe na mahali pa kuweka kidole. Jina la kijiji ameniomba nisiliandike, nami nitalishika hilo. Wewe jua tu kuwa kijiji kiko katika nchi ya Galanchozh, kusini-magharibi ya Chechnya, na kwamba hakina mkazi aliyezaliwa humo tangu asubuhi ya tarehe 23 Februari 1944.

Nimepata nakala ya ramani ya jeshi la Kisovieti ya kipimo cha 1:100,000, sentimita moja kwa kilomita moja, nami nimeiambatanisha. Utaona mistari ya kontua, ile ya mwinuko, imesongamana kama nywele zisizochanwa, na katikati yake, mara hapa mara pale, kifupisho cha herufi nne za Kirusi kinachosomeka «razv.», maana yake magofu. Sisi tuna neno zuri zaidi, mahame, kwa kuwa gofu ni la jengo na hame ni la watu. Karatasi nzima ni mahame. Palipokuwa na msikiti, matuta ya shayiri na watu wa kugombana nao mpaka wa shamba, mchora ramani ameandika herufi nne na nukta.

Ili uelewe mahali penyewe, chukua nusu ya Mkoa wetu wa Pwani, kwa maana Chechnya nzima haizidi sana hapo, kisha uiinamishe. Kaskazini, ng'ambo ya mto Terek, ni nyika kavu ya mchanga. Ukivuka Terek na kuteremka kusini unaingia tambarare ya mto Sunzha yenye udongo mweusi, ambako vijiji ni vikubwa kiasi cha kumchekesha mtu wa kwetu: Achkhoy-Martan bado kinaandikwa kijiji na kina watu zaidi ya 20,000. Halafu yanaanza Milima Myeusi, iitwayo hivyo kwa sababu ya misitu yake, na nyuma yake matuta ya mawe ya chokaa yaliyo wazi, na mwisho kabisa theluji, mpakani na Georgia, ambako kilele cha Tebulosmta kinafikia mita 4,493. Mito yote inakimbilia kaskazini, na kila bonde lilikuwa na vijiji vyake, kila kijiji na ukoo wake. Ukoo wao huitwa taip, neno lililotoka katika Kiarabu kilekile kilichotupa sisi taifa. Fikiria hilo: taifa lao linaenea katika bonde moja, na jina la bonde ndilo jina la watu. Mtu aliyezaliwa Kazakhstan, akakulia tambarare na kuzeekea Vienna, ukimuuliza ni nani, atakutajia mteremko ambako hajawahi kuishi.

Vijiji vya milimani vilijengwa kwa minara. Upo mnara wa kuishi, mpana, wa ghorofa mbili tatu, mifugo chini na watu juu, ambao wao huuita ghala (wewe utacheka tena, lakini yao ni ngome, wala haihusiani na mahindi yetu), na upo mnara wa vita, mwembamba, wa ghorofa nne au tano, mlango wake ukiwa juu kwa ngazi ya kuvutwa ndani, na paa la mawe yaliyopangwa vidato hadi jiwe moja la kileleni. Na hili ndilo litakalokusaidia katika uchoraji: hawakujenga penye udongo. Ardhi ya kulima ilikuwa chache mno, ikatengenezwa matuta kwa mikono, kwa hiyo nyumba zikapandishwa kwenye mwamba usioota kitu. Kijiji ukitafute pasipolimika.

Sasa shida yenyewe. Katika eneo analolieleza Bibi Baba ramani ina «razv.» mbili, umbali wa sentimita moja na nusu. Moja iko kwenye mteremko unaotazama kusini, juu ya kijito. Nyingine iko mgongoni mwa kilima, karibu na njia ya mifugo. Yeye alifika huko mara moja tu maishani, mwaka 1978, akiwa na baba yake, ambaye alikuwa na miaka 17 walipofukuzwa. Anasema walipanda kutwa nzima, wakakuta magugu yawashayo yamefika kifuani, na mzee hakusema neno, alitembea kati ya mawe kama mtu anayetafuta funguo, mpaka alipofika mahali ambapo palikuwa hewa tupu, akainama. Aliinama, akapiga hatua, akanyooka. Binti alidhani ameumwa mgongo. Ndipo alipotambua kuwa milango ya minara ni mifupi, na kwamba baba yake ameingia ndani.

Nimeifikiria sana habari hiyo, na nitairudia hapa chini, lakini kwanza nikueleze kwa nini hapakuwa na mtu mwingine wa kuulizwa.

Vijiji vya tambarare vilianza kuvunjwa mapema. Jenerali Yermolov wa Urusi alijenga ngome ya Grozny mwaka 1818, na Septemba 1819 askari wake wakakifuta kijiji cha Dadi-Yurt kwenye ukingo wa Terek. Baadaye wakaikata misitu, wakifyeka njia zenye upana wa masafa ya risasi ili asiwepo wa kuwavizia, na watu wakasukumwa ama juu milimani ama kwenye vijiji vikubwa vilivyopangwa barabarani, chini ya macho ya askari. Imamu Shamil, aliyeongoza vita dhidi ya Warusi, alikuwa na makao yake Vedeno kuanzia 1845 mpaka Warusi walipopateka mwaka 1859. Milima ya magharibi, kwa Bibi Baba, iliponea kwa kuwa haina barabara.

Mwaka 1944 kukosa barabara hakukusaidia kitu; kuliongeza mauti. Askari wa Kisovieti walikuwa wamekwisha kupangishwa majumbani mwa watu tangu Januari, wakidai ni mazoezi. Asubuhi ya tarehe 23 Februari wanaume waliitwa mkutanoni, wakazungukwa, na katika siku chache karibu nusu milioni ya Wachecheni na jirani zao Waingushi wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kupelekwa Kazakhstan na Kirgizia. Huku juu theluji ilikuwa imefunga. Katika kijiji cha Khaibakh, nchi hiyohiyo ya Galanchozh, wasioweza kuteremka, wazee, wagonjwa na watoto, walifungiwa zizini wakachomwa moto. Alilishuhudia Dziyaudin Malsagov, ofisa wa serikali ile ile, na hakunyamaza mpaka kufa kwake. Wanahistoria wanabishana juu ya idadi, na juu ya uhalisi wa waraka mmoja uliochapishwa baadaye. Bibi Baba habishani. Anayataja majina ya watu wa upande wa mama yake, kisha anakwenda kuzima jiko.

Jamhuri yao ilifutwa kwenye ramani, vipande vikapewa Georgia na Dagestan, vijiji vikabadilishwa majina, na mawe ya makaburi, wao huyaita churt, yakang'olewa yakajengea barabara na misingi ya mabanda. Januari 1957 jamhuri ilirudishwa na watu wakaanza kurejea, lakini wilaya za juu, Galanchozh, Cheberloy na Sharoy, hazikurudishwa. Watu wa huko walipewa viwanja tambarare. Ndiyo maana familia ya Bibi Baba ilijenga chini, kati ya watu wa koo nyingine, huku mlima wao ukionekana siku za anga safi. Halafu vikaja vita na Urusi vilivyoanza 1994 na 1999, na safari hii ilikuwa zamu ya tambarare: Samashki Aprili 1995, Katyr-Yurt Februari 2000, kijiji kilichopigwa mabomu kikiwa kimejaa wakimbizi, jambo ambalo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumia Urusi mwaka 2005. Ndipo wakaja hapa.

Nirudi kwa yule mzee aliyeinama. Bibi Baba anakumbuka mambo matatu ya siku ile. Kwamba jua lilikuwa tayari limefika mahali pa mlango walipoamka hapo alfajiri ya pili. Kwamba maji yalisikika lakini hayakuonekana. Na kwamba kutoka mlangoni baba yake alinyoosha mkono akamwonyesha upande wa ziwa la Galanchozh, ingawa ziwa lenyewe lilifichwa na kilima. Ziwa hilo, anasema, halikuwa hapo zamani. Lilikuwa kwingine, Yalkharoy, mpaka mama na binti yake walipolifulia nguo chafu za mtoto, likachukia, likawageuza mawe, likaondoka kwa umbo la fahali. Watu wa huku wakamfunga fahali jembe: mfuo wa kwanza ukatoka tope, iliyofuata ikatoka maji, na baadaye bonde lote likazama. Nilimwambia kwao hata ziwa linahama kwa kuonewa. Hakucheka, na nadhani sikustahili achekee.

Kwa akili yangu isiyosomea, dalili hizo zinaelekea kwenye mteremko wa kusini. Lakini mjukuu mkubwa, aliyezoea kutazama picha za satelaiti kwenye simu yake, anashikilia mgongo wa kilima kwa sababu huko anaona kitu cha mraba, na ubishi wao umefika mahali ambapo chakula kinapakuliwa kimya kimya. Mimi nimewekwa hakimu. Umeniona nikisuluhisha lini? Hata ule ubishi wa mipira wa akina Juma uliwashinda wengine kwa sababu nilijitia kuamua.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, ukipata siku mbili za mvua zisizo na kazi ya uwandani: uchore mto, matuta ya mlima, ziwa, njia ya mifugo, na majina matano atakayoyasema yeye, ambayo nimeyaandika kwa herufi zetu upande wa nyuma wa karatasi. Usiandike «magofu» popote. Panapostahili nyumba, chora nyumba.

Na unijibu haya: unaweza kujua kutokana na kontua tu ni mteremko upi unaopata jua mapema zaidi katika mwezi wa Julai? Kijito kinaweza kusikika bila kuonekana kutoka mgongoni mwa kilima, au mwinuko unazuia sauti? Kile kitu cha mraba kinaweza kuwa zizi la wachungaji wa siku za Wasovieti? Ukishindwa kuamua, ni uaminifu kuchora vyote viwili, au nitakuwa nimempa mama wa watu vijiji viwili akiwa ameomba kimoja? Na mlango mmoja mfupi, kwa kipimo hiki, unaweza kuonekana hata kwa nukta? Je, Bi Tatu amekwisha kutoka hospitali? Na ile kesi ya kiwanja cha Dunda imeishaje?

Gharama ya karatasi na muda wako nitatuma kwa mkono wa Hamisi akija mwezi ujao. Usiikatae kama ulivyofanya mara ile. Ila usichelewe, na tafadhali usizidishe sentimita 60 kwa 40, kwa sababu Bibi Baba amekwisha kununua fremu, na msumari umepigwa.

Wako wa siku zote,

Mwinyi