Mlango uliofutwa mpaka karatasi ikatoboka

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Sisi huku hatujambo.

Uliporudi shuleni nilipanga meza yako, nikakuta daftari lako la hesabu, lile la viboksi. Kurasa za mwisho umechora vyumba, funguo, na mishale inayokwenda huku na huku. Mlango mmoja umeufuta mara nyingi mpaka karatasi imetoboka, na pembeni umeandika: "Hapa rahisi mno, mtu atachoka." Nilikaa kitandani mwako nikayarudia maneno hayo. Likizo nzima nilikufokea kwamba gemu zinakupotezea muda, kumbe mwenzangu ulikuwa unamuwaza mtu atakayecheza ya kwako. Nisamehe, mwanangu.

Tangu siku hiyo nasoma habari za watengenezaji gemu, nijue kilichowasukuma. Nilitegemea kukuta mapenzi ya kompyuta au hamu ya pesa. Hayo yapo. Ila walionigusa walikuwa na kitu kilichowakaa moyoni zamani, wakatafuta namna ya kumwonjesha mwingine.

Aliyenitoa machozi ni Will Crowther, mwandishi wa programu wa Marekani. Alipenda kuingia mapangoni, na yeye na mkewe walishiriki kuchora ramani za pango la Mammoth, Kentucky. Ndoa yao ikavunjika, akawa mbali na binti zake. Ndipo, kati ya 1975 na 1976, akaandika gemu ya Colossal Cave Adventure, akitaka na wao waifurahie. Haina picha hata moja. Kompyuta inakueleza kwa maandishi uko wapi, nawe unaandika unataka kwenda wapi, kwa maneno ya kawaida, ili hata asiyejua kompyuta asiogope. Baba amewakosa wanawe, akawajengea pango! Gemu hiyo ikamfikia Mmarekani mwingine, Roberta Williams, akanogewa, na mwaka 1980 yeye na mumewe wakatoa Mystery House, yenye picha. Moto ukahama jiko.

Shigeru Miyamoto, mtengenezaji gemu wa Japani, naye alizurura milimani utotoni, nje ya mji wa Kyoto, akagundua pango, baadaye akarudi na taa kuona kilichomo ndani. Woga na shauku ya mtoto yule vimo katika gemu yake, The Legend of Zelda ya 1986. Mjapani mwenzake, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukamata wadudu. Alipoona mashamba na madimbwi yanajengwa majumba, alitaka watoto wa mjini nao waonje raha ya kutafuta na kukusanya. Ndiyo asili ya Pokémon, gemu ya kukamata na kukusanya viumbe.

Usiniambie huna vifaa. Alexey Pajitnov, Moscow, mwaka 1984, alikuwa na kompyuta isiyoweza kuchora. Alipenda mafumbo ya kupanga vipande vya viboksi vitanovitano ndani ya kisanduku, akavipunguza vikawa vya viboksi vinnevinne, akavitengeneza kwa alama za mabano zilezile tunazoandikia. Ikawa Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka. Sasa unaona kwa nini hilo daftari la viboksi nimelihifadhi kabatini, pamoja na vyeti vyako.

Yupo mmoja wa kunihusu mimi zaidi kuliko wewe. Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, alikulia kambini Uganda. Aliona kompyuta mahali pa kuandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake anaitaka. Mama hakumfokea. Alidunduliza miaka 3, akapata dola 300, akamnunulia. Kuichaji tu ilikuwa safari ya saa nyingi kwa miguu. Kijana akajifunza mwenyewe, na gemu aliyoitengeneza, Salaam, ni ya kutafuta amani, kwa kuwa vita ndivyo vilivyowafukuza kwao. Nimemfikiria sana mama huyo. Nami nimeanza kuweka akiba, kidogokidogo.

Hesabu usiziache, zitakufaa hukohuko kwenye gemu. Na ukikutana na jambo lililokuumiza au kukufurahisha mpaka ukakosa usingizi, liandike mara moja, hata kama hujui litaingia wapi.

Sasa nijibu kwa barua, maana nimeukagua ule mlango uliotoboka kwa pande zote mbili za karatasi na bado sijaelewa: nyuma yake kuna nini?

Mama yako akupendaye